Barakoa: ipi ifuliwe na ipi itupwe



Neno barakoa si geni hapa Unguja. Zamani lilikuwa jina la vazi la uso la mabibi wa koo kubwa, vazi la hariri iliyotiwa nakshi, lenye matundu mawili ya macho. Wakazi wa Mtoni hupita kila siku jirani na magofu ya kasri la Sayyid Said, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, na mabibi wa makasri kama lile ndio waliovaa barakoa hizo. Tangu mwaka 2020 neno hilohilo limepata kazi nyingine. Sasa barakoa ni kifuniko cha pua na mdomo, ili maradhi yasipite kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya UVIKO-19 imekwisha, na watu wengi wakaziweka barakoa kando. Lakini sisi wauguzi bado tunaziona kila siku. Tunaziona kwa mgonjwa wa kifua kikuu, kwa mama anayemuuguza mumewe mwenye kikohozi, na kwa mgonjwa wa saratani ambaye kinga ya mwili wake imeshuka kwa sababu ya dawa anazotumia. Na swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Sista, hii barakoa naweza kuifua nikaivaa tena?"

Ni swali la busara. Familia zetu hazina fedha za kutupa kila siku kitu ambacho bado kinaonekana kizima. Mama anayefua nepi, kanga na sare za skuli haoni kwa nini asifue na barakoa. Jibu letu ni kwamba zipo zinazofuliwa na zipo zisizofuliwa, na anayezichanganya anaweza kujiona yuko salama wakati hayuko. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu.

AINA TATU ZA BARAKOA

Ya kwanza ni barakoa ya kitambaa. Hii hushonwa na fundi cherehani kwa pamba, kitenge au kanga. Imetengenezwa ili ifuliwe na kuvaliwa tena mara nyingi.

Ya pili ni barakoa ya hospitali, ile nyepesi ambayo wengi huiita "ya bluu". Ukiichana utakuta tabaka tatu. Tabaka la nje huzuia majimaji, la ndani hupokea unyevu wa pumzi, na la katikati ndilo hasa linalochuja.

Ya tatu ni ile ngumu iitwayo N95, ambayo hubana uso pande zote. Huvaliwa na watumishi wa afya wanaohudumia wagonjwa wa kifua kikuu na maradhi mengine yanayosambaa kwa hewa.

Tabaka la katikati la barakoa ya bluu, pamoja na kichujio cha N95, hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hutiwa chaji ya umeme kiwandani. Pengine umewahi kuchana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha ukakisogeza kitana karibu na vipande vidogo vya karatasi vikarukia na kunasa. Hivyo ndivyo kichujio kinavyofanya kazi. Vumbi na vijidudu vidogo ambavyo vingeweza kupenya kati ya nyuzi huvutwa na kunaswa na chaji hiyo. Barakoa ya kitambaa haina chaji. Yenyewe hutegemea wingi wa tabaka na kubanana kwa nyuzi.

KWA NINI YA BLUU HAIFULIWI

Chaji ile haionekani kwa macho. Unapoloweka barakoa ya bluu katika maji ya sabuni, au unapoipulizia spiriti, hakuna rangi inayochujuka wala harufu inayotoka. Ikikauka inaonekana ileile ya jana, lakini nguvu yake ya kuchuja imepungua. Spiriti na vitakasa mikono vyenye kileo ndivyo huiondoa chaji hiyo zaidi. Pia kufua hulegeza mikanda ya masikioni na kuvuruga umbo, hata barakoa ikaacha mianya mashavuni. Hewa haina adabu ya kungoja kuchujwa, hupita penye mwanya.

Tusiseme zaidi ya ukweli. Katika utafiti mkubwa uliofanyika kwenye vijiji 600 vya Bangladesh, barakoa za hospitali zilizochaguliwa kwa ubora zilipimwa zikaonekana kuchuja asilimia 95 zikiwa mpya. Baada ya kufuliwa mara kumi kwa sabuni ya kipande na maji, zilishuka hadi asilimia 76. Kwa hiyo haziharibiki zote siku moja. Lakini zile zilichaguliwa na kupimwa kwa mashine. Wewe uliyeinama juu ya beseni uani huna mashine, na za madukani si zote zina ubora mmoja. Mtu mzima asiye na mgonjwa nyumbani, akikosa nyingine kabisa, akavaa iliyofuliwa kwenye daladala ya Bububu, hajafanya dhambi. Anayemuuguza mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza asithubutu.

Mwaka 2020 hata nchi tajiri zilipungukiwa barakoa. Marekani ilitoa kibali cha dharura cha kuzitakasa N95 kwa mvuke wa hydrogen peroxide katika mitambo maalumu, na wauguzi wengine waliambiwa wawe na barakoa kadhaa wazivae kwa zamu, kila moja ikipumzika siku zisizopungua tano ndani ya mfuko wa karatasi. Hizo zilikuwa hatua za wakati wa dhiki. Barakoa mpya zilipopatikana mwaka 2021, mamlaka za huko ziliwaagiza watumishi waache kutumia zilizotakaswa. Ikiwa wenye mitambo waliacha, sisi wenye sufuria tusianze.

KURUDIA KUTUMIA SI AIBU

Hata hivyo, tusidhani kwamba kufua barakoa ni jambo la kimaskini. Daktari Wu Lien-teh alipopambana na tauni ya mapafu huko Manchuria, China, mwaka 1910 na 1911, aliwavisha watu barakoa za shashi na pamba. Kwa miongo mingi baada ya hapo, barakoa za hospitali duniani kote zilikuwa za kitambaa. Zilifuliwa, zikakunjwa, zikatakaswa kwa mvuke pamoja na mashuka ya chumba cha upasuaji. Za kutupa zilianza kuenea katika miaka ya 1960. Wauguzi wa rika letu waliosomea hospitali za misheni wanakumbuka makopo ya chuma yaliyojaa barakoa za pamba, yakitoka kwenye mashine ya mvuke yakiwa bado ya moto.

Barakoa zile zilifaa kwa sababu mbili. Zilishonwa ili zifuliwe, na zilifuliwa kwa utaratibu usiobadilika. Jambo hili la pili ndilo wengi hulisahau.

Mwaka 2011 watafiti waliwafuatilia wafanyakazi 1,607 katika hospitali 14 za Hanoi, Vietnam. Kundi moja lilivaa barakoa za hospitali. Kundi jingine lilipewa barakoa za kitambaa, tano kwa kila mtu kwa muda wa wiki nne, na kuagizwa wazifue kila siku. Waliovaa kitambaa waliugua maradhi ya njia ya hewa zaidi. Wengi wakasema basi kitambaa hakifai. Lakini mwaka 2020 watafiti walizirudia takwimu zao wakaangalia nani alifua na wapi. Waliojifulia kwa mikono walikuwa na hatari ya kuambukizwa mara mbili ya wale ambao barakoa zao zilifuliwa na dobi wa hospitali. Na hao waliofuliwa na dobi wa hospitali walikingwa karibu sawa na waliovaa za hospitali.

Wapendwa, somo hilo ni kubwa. Kitambaa kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa beseni. Dobi wa hospitali hufua kwa maji ya moto na kukausha vizuri, kila siku, bila kusema leo nimechoka. Sisi nyumbani hurudi magharibi, tukaisuuza barakoa kwa maji baridi na sabuni kidogo, tukaitundika kwenye kitasa, na asubuhi tukaivaa ikiwa bado na ubichi. Kufua kwa namna hiyo kunaondoa uchafu unaoonekana tu.

JINSI YA KUSHONA ILIYO BORA

Shirika la Afya Duniani lilishauri Juni 2020 kwamba barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu. La ndani linalogusa mdomo liwe la pamba inayofyonza unyevu. La nje liwe la kitambaa kisichopitisha maji upesi, kama kile chenye mchanganyiko wa poliesta. La katikati liwe la kuchuja, nalo laweza kuwa pamba nyingine iliyofumwa kwa kubanana.

Kanga mpya yenye uzito inafaa kwa tabaka la ndani. Kanga kuukuu iliyochakaa kwa kufuliwa haifai, kwani nyuzi zake zimeachana. Inua kitambaa kuelekea kwenye jua. Ukiuona mwanga kwa uwazi, kitambaa hicho ni chepesi mno. Barakoa ifunike kuanzia juu ya pua hadi chini ya kidevu, na ubavuni isiache mwanya. Mwambie fundi atie kamba za kufunga badala ya mpira, kwa kuwa mpira hulegea ukichemshwa.

Kila mtu awe na zake, zisizopungua tatu: moja usoni, moja kwenye kamba, moja kabatini. Ziwekwe alama ya uzi wa rangi ili za baba zisichanganyike na za mtoto. Barakoa haiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi.

HATUA ZA KUFUA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Vua barakoa kwa kushika kamba, usiguse sehemu ya mbele. Itie moja kwa moja kwenye beseni au mfuko wake, kisha nawa tena. Usiiweke mezani wala juu ya kitanda. Watafiti wa Hong Kong waliopima mwaka 2020 walikuta virusi vya korona bado vina uhai kidogo upande wa nje wa barakoa ya hospitali hata siku ya saba.

2. Fua kila siku, na kila inapolowa au kuchafuka. Tumia sabuni ya unga au ya kipande, na usugue pande zote mbili na mishono. Sabuni hufanya kazi kubwa, kwa sababu huvunja utando wa mafuta unaovifunika virusi vingi. Usiifue pamoja na nguo za mtoto mchanga.

3. Suuza hadi povu liishe. Hapa kwetu tuna tatizo la visima vya pwani. Maji yake yana chumvichumvi na chokaa ya mawe ya matumbawe, na sabuni haitoi povu. Tumia maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni kidogo. Lita mbili tatu zinatosha barakoa za nyumba nzima. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya chumvi huvuta unyevu wa hewa na haikauki barabara.

4. Takasa kwa moto. Tumbukiza barakoa katika sufuria ya maji yanayochemka, zizame zote, na zichemke kwa dakika moja au zaidi. Sisi hushauri dakika tano, ili mpishi asihangaike na saa. Katika uchunguzi uleule wa Hong Kong, nyuzijoto 70 ziliviangamiza virusi vya korona ndani ya dakika tano, na maji yanayochemka yanazidi kiwango hicho kwa mbali. Sufuria hiyo isipikiwe chakula kabla ya kusuguliwa vizuri. Waweke watoto mbali na jiko.

5. Kausha kabisa juani. Tandaza au ning'iniza kwa kibanio, geuza upande wa pili. Ukiweza, piga pasi ya moto. Nawa mikono, kunja, weka ndani ya mfuko safi wa kitambaa au bahasha.

KAMA HUNA NISHATI YA KUCHEMSHA

Mkaa na gesi vina gharama, na kuna siku jiko haliwashwi mara mbili. Badala ya kuchemsha waweza kutumia dawa ya klorini, ambayo madukani wengi huijua kwa jina la Jik. Lakini ichanganywe kwa kipimo, wala si kwa kukisia kwa harufu.

Nguvu inayotakiwa kwa barakoa ni asilimia 0.1. Soma kwanza chupa yako. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, chukua vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, utie katika lita moja ya maji safi. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, chukua mililita 20 kwa lita moja. Chupa isiyo na maandishi, au iliyojazwa upya mtaani, usiitumie kwa kazi hii.

Barakoa iwe imeshafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa. Iloweke kwa dakika moja, kisha isuuze kwa maji mengi hadi harufu iishe. Harufu ikibaki, mapafu yako ndiyo yatakayoivuta siku nzima.

Waliowahi kufanya kazi hospitalini wanakijua kipimo cha "moja kwa sita", yaani kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Hicho ni cha asilimia 0.5, kwa ajili ya kutakasa vifaa na sakafu zenye damu. Usikilete kwenye kitu cha kuvaa usoni.

Changanya dawa kila siku upya, kwa maji baridi, mahali penye hewa. KAMWE usichanganye klorini na siki, ndimu, dawa ya kusafishia choo wala amonia. Hutoka hewa ya sumu inayoweza kuua. Chupa iwekwe juu, watoto wasiifikie, na dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tumewapokea watoto waliokunywa kwa kudhani ni maji.

WAKATI WA MASIKA

Kuanzia Machi hadi Mei jua la Unguja huwa la kubahatisha, na nguo hukaa siku mbili kwenye kamba zikianza kunuka uvundo. Barakoa yenye ubichi ni mbaya kwa namna tatu. Ni nzito kupumua, hushika kuvu, na mtu huishusha kidevuni kila mara kwa kukereka. Katika miezi hiyo ongeza idadi ya barakoa zako ziwe tano au sita. Kamua kwa taulo kavu, ning'iniza ndani penye upepo, kisha umalizie kwa pasi, iwe ya umeme au ya mkaa. Usiianike juu ya moshi wa jiko.

Wengine hutuuliza kama jua peke yake linatosha, bila sabuni wala moto. Jua husaidia kukausha, na miale yake huua baadhi ya vijidudu. Lakini haliingii kwenye mishono na mikunjo, wala haliondoi mate na kamasi. Jua ni la kumalizia kazi.

MGONJWA WA KIFUA KIKUU NYUMBANI

Hapa ndipo tunapoomba msikivu wenu wote.

Mama mmoja alitujia na kijana wake aliyekuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Kijana alikuwa amepewa barakoa za bluu. Kila jioni mama alizifua kwa sabuni ya unga, akazianika, na asubuhi alimvisha kijana moja, nyingine akavaa mwenyewe, nyingine akamvisha bibi. Zilikuwa zimeota manyoya kama blanketi la zamani. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi, ila uangalifu wake wote ulikuwa umewekwa mahali pasipofaa. Kwa kuwa waliamini barakoa zinawalinda, wote wanne pamoja na mjukuu wa miaka mitatu walilala chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu.

Bakteria wa kifua kikuu hutoka na kikohozi katika chembe ndogo sana zinazoelea hewani kwa saa nyingi. Barakoa ya kitambaa, au ya bluu iliyofuliwa, haimkingi kwa uhakika mtu anayeivuta hewa hiyo. Ndiyo maana hospitalini muuguzi huvaa N95. Barakoa ya bluu kazi yake kubwa ni kwa mgonjwa mwenyewe, kuzuia kinachotoka. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2012 ulipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwa wanyama wadogo wa maabara. Siku ambazo wagonjwa walivaa barakoa za hospitali, hatari ya maambukizi ilipungua kwa asilimia 56. Ni zaidi ya nusu, lakini si yote.

Basi fanyeni hivi. Mgonjwa avae barakoa mpya ya hospitali anapokuwa karibu na wengine, na aibadilishe ikilowa. Ikilowa ikatupwe. Zikiwa hazipo, barakoa ya kitambaa yenye tabaka tatu, safi na kavu, ni afadhali kuliko uso wazi. Alale chumba chake, au penye dirisha wazi na chandarua. Akae barazani mchana, kwani upepo wa bahari tuliopewa bure huondoa chembe hizo kuliko kitambaa chochote. Atemee makohozi kwenye chombo chenye mfuniko. Zaidi ya yote anywe dawa zake kila siku bila kuruka, kwani dawa ndizo zinazokata mnyororo wa maambukizi, na kwa kawaida baada ya wiki chache za tiba inayofanya kazi uwezo wa kuambukiza hushuka sana. Watoto wadogo na wote wanaoishi naye wapelekwe kupimwa. Kupima na kutibu kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asingoje.

Familia yule ilipimwa yote, na mjukuu akaanzishiwa dawa mapema. Dirisha sasa lina wavu.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, N95 nayo hutupwa kila siku? Kwa kazi za kifua kikuu, mtu yuleyule anaweza kuivaa zaidi ya mara moja mradi haijalowa, haijachafuka, haijapasuka na bado inabana. Haifuliwi, haichemshwi wala haipuliziwi kitu. Huhifadhiwa mahali pakavu ndani ya mfuko wa karatasi wenye jina. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu.

Barakoa ya kitambaa hudumu muda gani? Hadi itakapochanika, itakapopwaya, au nyuzi zitakapoachana. Irudie kuiinua juani kila mara.

Watoto je? Mtoto wa chini ya miaka miwili asivishwe barakoa kamwe, anaweza kukosa pumzi. Wa chini ya miaka mitano halazimiki. Vivyo hivyo asivishwe mtu aliyepoteza fahamu au asiyeweza kuivua mwenyewe.

Niitupe vipi ya bluu? Kata mikanda, itie kwenye mfuko, ufunge, uweke kwenye pipa lenye mfuniko. Isitupwe mtoni wala ufukweni. Imetengenezwa kwa plastiki, haiozi, na watoto huiokota wakaichezea hospitali.

MWISHO

Unguja na Pemba hatujasahau Februari 2021, tulipomzika Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ameugua UVIKO-19. Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili tu mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki. Barakoa peke yake isingewaokoa wote. Lakini tulijifunza kwa uchungu kwamba hewa tunayopumua ni ya pamoja, pamoja na jirani ukutani na abiria tuliyebanana naye garini.

Basi tuzikumbuke kanuni chache. Ya kitambaa hufuliwa kwa sabuni, huchemshwa, hukaushwa kabisa. Ya hospitali huvaliwa, ikilowa hutupwa. Kila mtu na yake. Na penye kifua kikuu, dirisha wazi na dawa hutangulia barakoa. Barakoa iliyofuliwa nusu nusu ni afadhali uijue kuwa si kinga, utafute kinga nyingine, kuliko kuivaa kwa matumaini.

Tunawatakia afya njema nyote majumbani mwenu.